Mkono wa Adabu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Maziwa yakiletwa mlangoni kwangu hapa Mbulu mjini, nayatia kwenye sufuria na kuyatazama yanavyochemka kabla sijamshukuru aliyeyaleta. Fundi cherehani akiniambia kitambaa hakikutosha, namwuliza mabaki yako wapi. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, na anayetaka kujua uongo unavyotengenezwa aje akae na watoto wa darasa la tatu muhula mmoja tu. Nyumbani wanasema tabia hii nimeichukua kwa mama. Mama mwenyewe anakana, halafu anainuka kwenda kuangalia kama kuku wameingia bandani, ingawa ameshaambiwa wameingia.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu wa hisabati aliponidanganya mchana kweupe, mbele ya ofisi nzima ya walimu, niliumia.

Alikuwa amehamishiwa shuleni kwetu kutoka mkoa wa mbali, wa joto, na kwa miezi ya kwanza hatukujua mwili wake ukoje kwa sababu alivaa sweta juu ya sweta na koti juu yake. Siku moja wakati wa mapumziko aliokota kizibo cha soda mezani, akakishika kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaniambia nitazame vizuri. Nilitazama. Nilimwona akikitia kwenye kiganja cha kulia na kukifumba. Halafu akaninyooshea ule mkono wa kulia, huku wa kushoto ukigusa kiwiko kwa chini, kama anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa akimpa kitu anayemheshimu. Nikapokea kwa mikono miwili. Hakikuwemo kitu. Kizibo kilikuwa bado kwenye mkono wa kushoto, kimetulia pale chini ya kiwiko, na mimi sikuutupia jicho hata mara moja.

"Kwa nini hukuutazama huu?" aliniuliza.

"Kwa sababu huo ni wa adabu," nilimjibu, nikiwa nimekasirika kweli.

Walimu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Yeye akasema kwao pia watu wana adabu, ila watu wa huku tuna adabu na makoti, tumemrahisishia kazi.

Sikupata amani mpaka aliponifundisha. Nilijizoeza kwa haragwe, kwa kifungo cha shati, kwa kipande cha chaki. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu mkono ulioficha kitu unataka kukakamaa, na mtu mwenye macho anauona. "Usiufikirie," mwalimu mwenzangu alinikumbusha kila mara. "Ukiufikiria wewe, na mwenzako ataufikiria." Baada ya muda niliweza kutoa haragwe sikioni mwa mtoto wa darasa la tatu, na darasa zima likaruka juu ya madawati. Nilijisikia mjanja. Ni raha kubwa kwa mtu wa kushuku, kuwa upande ule mwingine.

Mambo yalikuwa hivyo mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Endasak. Yeye na mkewe ndio wanaoishi na mama, wakilima mahindi na maharage kwenye shamba letu lililopanda kidogo kuelekea mlimani. Alianza na habari za mvua, akaja kwenye habari za ng'ombe, nikajua kuna jambo. Mwisho akasema mama ameacha vidonge vya presha.

"Kwa nini?"

"Anasema amepona, dada. Kuna mama mmoja anapita huku anaombea watu. Amemtoa kitu mguuni."

Niliuliza kitu gani. Akasema ni uzi mweusi wenye mafundo. Aliuona kwa macho yake ukitoka kwenye kifundo cha mguu wa mama, mahali palipokuwa pamevimba. Nilimwuliza kama ngozi ilitoka damu. Akasema haikutoka, na huo ndio muujiza wenyewe.

Mama ana presha ya kupanda. Dada yake, mama yetu mkubwa, alikuwa nayo pia, akaacha dawa kwa kuona ana nguvu, akaanguka shambani akipalilia na hakuamka tena. Kwa hiyo sikusubiri Ijumaa. Niliomba ruhusa, nikapanda basi la asubuhi, nikabadilisha gari Dareda, nikashuka Endasak na kuchukua bodaboda kupanda nyumbani. Njia nzima nilikuwa namtukana yule mama kimoyomoyo, na bado nilikuwa sijamwona.

Nilimwona siku ileile, maana alikuwa amepanga kurudi kumalizia. Nilitegemea mtu wa hirizi na manyoya. Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, safi, kitambaa cheupe kichwani, sauti ya chini kama ya mwalimu wa Sunday school. Alinizidi umri kidogo, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Mbulu. Sikuwa nimemwambia natoka Mbulu. Nikashuku, halafu nikakumbuka kwamba kijiji kizima kilishaniona nikishuka bodaboda.

Wifi alimletea maji. Hapo ndipo niliposhtuka. Yule mama aliupokea ule mkebe kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaenda taratibu ukagusa kiwiko. Wifi ni msichana tu mbele yake. Mkubwa hapokei hivyo kutoka kwa mdogo, anapokea tu, na baraka juu. Nilimtazama mama yangu, naye alikuwa anatikisa kichwa kwa kupendezwa. Baadaye aliniambia kwamba mtu mnyenyekevu namna ile hajamwona tangu ujana wake. Mimi niliona mwanamke mwenye adabu iliyozidi umri wake, na nikaanza kuutazama ule mkono wa kushoto.

Alituambia tuinamishe vichwa tuombe. Kila mtu aliinamisha. Mimi niliinamisha jicho moja. Aliupaka mguu wa mama samli, akaukanda, akaonyesha kiganja cha kulia kinang'aa, hakina kitu. Cha kushoto kilikuwa kimetulia kwenye kiwiko cha sweta yake. Kisha mikono yote miwili ikashuka kwenye kifundo, ikabana ngozi, mama akasema "ai!", na kikatoka kitu. Safari hii ilikuwa punje ya mahindi iliyoota ukungu. Wifi alianza kulia. Mdogo wangu alivua kofia.

Mgeni hafokewi ndani ya nyumba ya mama yangu, na mama mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anatabasamu. Lakini alipoondoka tu na kuku aliyepewa kwa shukrani kwapani, nilivuta ungo wa maharage aliyokuwa anachambua wifi, nikakaa mbele ya mama.

"Mama, hebu ninyooshee mguu."

Niliukanda mguu wake kama nilivyoona. Nilionyesha kiganja cha kulia, kitupu. Nikakigusa kiwiko changu. Nikabana ngozi ya kifundo na kutoa haragwe jekundu, nikaliweka kiganjani mwake. Kwa haki kabisa, sijawahi kuufanya mchezo ule vizuri namna ile. Mwalimu mwenzangu angepiga makofi.

Hakuna aliyecheka. Wifi alimnyanyua mtoto wake aliyekuwa anacheza miguuni mwangu, akatoka naye nje. Mama alilitazama lile haragwe muda mrefu.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa mwalimu mwenzangu, mama. Ni mchezo tu wa mikono."

"Anatoka wapi huyo mwalimu?"

Nikautaja mkoa wake, unaosifika kijijini kwetu kwa uchawi. Ningeweza kutaja mkoa mwingine wowote. Mdogo wangu alivaa kofia yake tena.

"Kwa hiyo na wewe unaweza kutoa," mama alisema.

"Sitoi kitu. Nakuwa nimelishika tangu mwanzo. Hata yule alikuwa ameishika ile punje tangu mwanzo, ndicho ninachokuonyesha."

"Kama unaweza kutoa, unaweza na kuweka," mama alisema, akalirudisha haragwe kwenye ungo. Halafu akabadili mawazo, akalichukua, akalitupa mbali uani.

Jioni ile niliwasongea ugali mwenyewe, na mama hakula. Alisema tumbo limejaa. Asubuhi nilimpelekea uji kitandani, akaniambia niuweke pale, atakunywa. Nilirudi baadaye nikaukuta umeganda, na kikombe kingine pembeni, kitupu, alicholetewa na wifi. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nilisimama pale na uji wangu nikashindwa kabisa kujua niuweke wapi.

Mdogo wangu alinisindikiza barabarani. Tulitembea mpaka chini kwenye lami, ndipo akasema, "Dada, kwa nini ulionyesha?" Akaniambia kile ambacho hawakuniambia kwenye simu. Siku ya kwanza kabisa, yule mama alipotoa ule uzi, mama aliuliza nani aliyeuweka. Yule mama akajibu kwamba ni mtu wa nyumba hii asiyelala kwenye nyumba hii, mwenye mikono myepesi. Walijiuliza sana ni nani. Walifikiri mashemeji, walifikiri jirani aliyekuwa akilala kwetu wakati wa mavuno. Mimi sikuwemo kabisa kwenye mawazo yao, mpaka nilipokaa mbele ya mama na kuionyesha mikono yangu ilivyo myepesi.

Sijawahi kukasirika namna ile. Nilimkasirikia yule mwanamke, kwa sababu alisema maneno yanayomfaa mtu yeyote na yakanipata mimi. Nilimkasirikia mdogo wangu kwa kunificha. Zaidi ya wote nilimkasirikia mama, aliyenijua tangu niko tumboni, na haragwe moja likatosha kumsahaulisha. Gari lilipofika nilipanda bila kuaga vizuri.

Kuanzia hapo nilipiga simu kila siku ya soko, ambapo mtandao kwao unakuwa na nguvu kidogo kwa sababu wanashuka chini. Vidonge? Mdogo wangu anasema anamkumbusha. Anameza? Anasema atameza. Nilikuwa nikikata simu naona mama mkubwa amelala kwenye matuta ya mahindi, jembe pembeni.

Nilimwendea mwalimu mwenzangu na maneno makali, kana kwamba yeye ndiye aliyempaka mama samli. Alinisikiliza mpaka mwisho, amejikunyata kwenye makoti yake. Akasema, "Kosa lako ulifanya vizuri. Mtu akiona umefanya vizuri anakuogopa. Nenda ufanye vibaya."

Shule ilipofungwa kwa likizo nilikwenda tena Endasak. Sikusema neno juu ya dawa. Nilikaa uani juani na ungo wa maharage, nimekunja mikono ya sweta mpaka juu ya viwiko ingawa upepo wa mlimani ulikuwa unakata, nikaanza kucheza peke yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili, ananipa ubavu. Nilihamisha haragwe kutoka kushoto kwenda kulia, polepole kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu, na nikaliacha lianguke.

Nililiangusha tena. Na tena. Nikalishika vibaya makusudi, likawa linachungulia katikati ya vidole.

"Linaonekana," mama alisema bila kugeuka.

"Wapi?"

"Hapo. Katikati ya vidole." Akageuka. "Rudia."

Nikarudia. Nilimwonyesha kila hatua, mkono wa kushoto ukiwa wazi upande wake, ili aone haragwe halikwenda popote. Kwanza aliona mkono wa kulia tu, kama nilivyoona mimi ofisini. Nikamwambia autazame huu mwingine, usemao "pokea kwa heshima". Nikaunyoosha wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, na chini yake haragwe likiwa limekaa kama limepangishwa. Mama alisogeza kigoda. Aliinama akachungulia chini ya kiwiko changu kama anavyochungulia kuku anayeatamia.

"Lete," alisema.

Vidole vyake vimekomazwa na jembe na havikunjiki vizuri siku za baridi. Haragwe lilimdondoka, akaniambia ungo umekaa vibaya. Likamdondoka tena, akasema maharage ya mwaka huu ni madogo. Lakini hakuacha. Wifi alitoka jikoni akatukuta tumeinamiana, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Na kabla jua halijaenda nyuma ya mlima, mama alininyooshea mkono wa kulia, wa kushoto ukagusa kiwiko, nikafungua vidole vyake nikakuta hakuna kitu. Alicheka cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba afariki. Nami nikacheka, nikalia kidogo pia.

Kisha akalirudisha haragwe kwenye ungo.

"Yule mama," alisema, "alimpokea wifi yako maji kwa mikono miwili."

"Ndiyo, mama."

"Mtu mkubwa vile."

Akauvuta ungo karibu, akaanza kuchambua maharage.

Yaliyofuata sikuyaona, nilishapanda Mbulu kufungua shule. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia kwenye simu, akicheka na kuogopa. Yule mama alirudi. Mama alimkaribisha, akampa kigoda kizuri, akamwita mdogo wangu na wifi wakae. Mgeni alipoletewa chai, akapokea kwa unyenyekevu wake uleule, mama akanyanyuka kama anayetaka kumsalimu upya. Akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, akakaa nao hapohapo, hauachii. Akauliza habari za watoto. Akauliza habari za wajukuu. Akauliza habari za ng'ombe. Mkono wenyewe ukaanza kutoka jasho. Mwisho mama akaufungua kidole kwa kidole, na ndani palikuwa na uzi mweusi wenye mafundo.

"Umetuletea uzi," mama alisema. "Asante. Hatushoni leo."

Mdogo wangu anasema yule mwanamke hakukimbia wala hakukana. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akaaga kila mtu kwa heshima. Hakuonekana tena upande wetu.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda zahanati mwenyewe. Nesi alimpima, akamgombeza, akampa vidonge upya. Nilipopata habari hizo nilikuwa darasani, nikawapa watoto mapumziko kabla ya wakati. Nilifurahi kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni.

Nilikwenda kumwona mwisho wa mwezi. Tulikaa mezani, uji umeshanywewa, nikatoa kidonge kwenye bahasha yake ya zahanati na kumimina maji kwenye kikombe. Nikamnyooshea kidonge kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kiwiko, kama ulivyofundishwa na yeye mwenyewe nikiwa bado sijaota meno ya mbele.

Mama hakupokea.

"Huo mwingine uondoe hapo," alisema.

Nikauweka pajani.

"Hapana. Uweke juu ya meza. Fungua."

Nikaufungua. Akakitazama kiganja, akaugeuza mkono akatazama mgongo wake, akaniangalia usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule anaokwenda nao kuhakiki kuku bandani. Ndipo akakichukua kidonge kutoka kwenye mkono wangu mmoja, kama vile anavyopokea mtu kitu kwa mtoto asiyelelewa. Akakitia mdomoni, akanywa maji. Niliumia. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyempa macho hayo, kwa hiyo mimi asiniangalie nayo.

Akanirudishia kikombe. Alikinyoosha kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukagusa kiwiko, taratibu, kwa heshima kubwa. Mama, kwa mwanawe.

Nikautazama ule mkono wa kushoto. Mungu anisamehe, niliutazama. Niliyaona maharage yote yale ya uani yakimtoka na kumrudia vidoleni, nikamwona mama mkubwa shambani, nikajikuta nasema.

"Mama, na wewe fungua."

Alikiweka kikombe mezani. Halafu akaufungua polepole, kidole kwa kidole. Haukuwa na kitu, ila sugu za jembe. Akafungua na mdomo bila kuombwa, akanyanyua ulimi kama watoto wanavyofanya kwa nesi. Kidonge alikuwa amekimeza.

Niliona aibu na niliona raha, vyote kwa pamoja, nikakosa pa kutazama. Mama alifuta meza kwa kiganja, akasema maharage hayajachambuliwa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, tulikaguana tena.